Kidenmark nilichofundishwa na bibi wa Vendsyssel

Agosti 2015 nilishuka Aalborg, kaskazini mwa Denmark, mtoto wa miaka mitatu nimemshika mkono na mabegi mawili nayaburuta. Mume wangu alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla, anasoma chuo kikuu. Tuliishi kaskazini miaka minne, kisha tukahamia Copenhagen, na muda wote huo kazi yangu imekuwa moja: kutunza wazee. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaokuja huku kwa masomo, ndoa au kazi. Kuna jambo lilinigharimu pesa, usingizi na nafasi mbili za kazi, na hapakuwa na mtu wa kunitonya mapema. Kidenmark utakachofundishwa darasani ni kimoja, watakachozungumza majirani zako huenda kikawa kingine, na kile ambacho masikio ya Wadenmark wenyewe yanakiheshimu nacho kina mambo yake.

Nianze darasani. Mgeni mwenye elimu ya sekondari au zaidi kwa kawaida huwekwa kwenye ngazi waiitayo Danskuddannelse 3, ambayo mwisho wake ni mtihani wa Prøve i Dansk 3. Wakati wangu masomo yalikuwa bure. Baadaye yakaja mambo ya ada, kisha dhamana, na sheria hizi hubadilika kila baada ya muda. Kaulize kommune yako, yaani halmashauri ya mji, kabla ya kujiandikisha, wala usitegemee maelezo ya mtu aliyesoma zamani.

Tulifundishwa rigsdansk, Kidenmark sanifu. Kama Kiswahili sanifu kilivyojengwa juu ya Kiunguja, hiki kimejengwa juu ya usemi wa Copenhagen. Kwa wiki nzima mwalimu alitushikilia kwenye maneno mawili, “mor” na “mord”. La kwanza ni mama, la pili ni mauaji, na tofauti yake masikioni ni mkato mdogo wa sauti kooni ambao wao huuita “stød”. Nilirudi nyumbani koo linauma. Alisema bila mkato huo hatutaeleweka, nami nikaamini hivyo kwa moyo wote. Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipojua kwamba lahaja za asili za visiwa vya Lolland, Falster na Bornholm hazina mkato huo kabisa, na wenyeji wake wameelewana vizazi na vizazi.

Mwanzoni mwa 2016 nilipata vibarua katika makao ya wazee ng'ambo ya Limfjord, mlango wa bahari unaoitenga Aalborg na eneo la Vendsyssel. Basi lilikuwa la saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza, upepo unapita mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa nimefaulu hatua tatu za darasani na nilijiona niko tayari.

Siku ya kwanza nilipewa chumba cha bibi mmoja aliyezaliwa 1930. Nikafungua pazia, nikamsalimia kama nilivyofundishwa, akatabasamu na kusema, “A kommer nu.” Nikageuka kutazama mlangoni. Kwa mtu aliyelelewa Tanga, “a” mbele ya kitenzi ni yeye: anakuja, amefika, akaja. “Kommer” nilijua ni kuja. Basi kuna mtu anakuja. Nikasimama namsubiri mtu huyo, na bibi wa watu kakaa ukingoni mwa kitanda, ameninyooshea mkono nimsaidie kuinuka. Alikuwa akisema, “Nakuja sasa hivi.” Darasani “mimi” ni “jeg”, na hutamkwa karibu na “yai”. Kwa wazee wa Vendsyssel, na katika sehemu kubwa ya Jutland, ile rasi kubwa ya magharibi mwa Denmark, “mimi” ni “a”.

Na hilo lilikuwa jepesi. “Hvad”, yaani “nini”, darasani h yake haisikiki. Kwa bibi ilikuwa “hwa”, pumzi na w zote zinasikika. “Lille”, kidogo, kwake ilikuwa “bette”. Orodha zake za vitu vya dukani nilishindwa kuzisoma, kwa sababu alijifunza kuandika kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1948: kila nomino ilianza kwa herufi kubwa, na penye å aliandika aa. Wenzangu kazini, watu wa miaka arobaini na hamsini, hawakuzungumza kama yeye. Walikuwa na kiimbo cha kaskazini na maneno machache ya huko, lakini walisema “jeg”. Wajukuu zao wakija kuwatembelea wazee, mimi sikuweza kuwatofautisha na watangazaji wa televisheni. Ndani ya jengo moja nilisikia vizazi vitatu vya lugha, na kadiri umri ulivyoshuka ndivyo Vendsyssel ilivyopotea mdomoni.

Bibi yule alinipenda, nami nikampenda. Huku watu huitana kwa jina la kwanza, hata mkwe na mama mkwe, hata daktari na mgonjwa, hakuna shikamoo. Ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa miaka 86 kwa jina tupu. Nikamweleza, akacheka, tukakubaliana nimwite Bibi, kwa Kiswahili. Yeye akaniita “bette ven”, rafiki mdogo. Nikaanza kukaa naye baada ya zamu, nusu saa, wakati mwingine saa nzima, ananisahihisha. Namshauri kila mgeni afanye hivyo. Mzee mpweke ana muda, ana subira, na hatakukimbilia kwa Kiingereza, kwa sababu wengi wa umri wake hawakukisoma vya kutosha. Kidenmark changu kilipanda kwa miezi sita kuliko mwaka mzima wa darasani. Neno likinishinda nililitafuta kwenye Jysk Ordbog, kamusi ya lahaja za Jutland inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Aarhus, ambayo inasomeka bure kwenye intaneti.

Lakini maneno ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni uzito wanaoupa kila neno, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo likinijia usiku naamka.

Watu wa Jutland hawakuzi mambo. Siku moja niliwapikia wazee wali wa nazi na kuku, nimehangaika tangu asubuhi. Bibi akala, akafuta mdomo, akasema, “Det er ikke så ring' endda.” Nilitafsiri kichwani: si mbaya sana hata hivyo. Nilienda jikoni machozi yananilenga. Mwenzangu mmoja akanifuata akaniambia kwamba sifa ya juu kupita hiyo sitaipata upande huu wa Limfjord. Nilifurahi, lakini sikulitia akilini somo lenyewe: kama sifa hupunguzwa kiasi hicho, basi na maumivu yatapunguzwa vilevile.

Februari 2017, zamu ya usiku, Bibi aliniambia kifua “er lidt træls”. “Træls” ni neno la Jutland, na kwa jinsi nilivyokuwa nimelisikia hadi wakati ule lilikuwa neno la kero: basi likichelewa ni træls, mvua ni træls, karatasi za kodi ni træls. Na “lidt” ni kidogo. Nikaandika kwenye daftari la zamu: usumbufu kidogo kifuani, amelala. Sikumpima joto. Asubuhi muuguzi alimkuta anahema kwa shida. Ilikuwa nimonia. Alilazwa siku tisa hospitalini, na siku zote hizo tisa sikula vizuri. Alirudi, namshukuru Mungu. Hakunilaumu. Nilimuuliza alijisikiaje usiku ule, akasema alidhani anakufa. Na neno alilolichagua ni træls kidogo.

Tangu siku hiyo siulizi tena “unajisikiaje” peke yake. Nauliza namba: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi? Namba haina lahaja. Ukifanya kazi ya afya huku, au ukimtunza mkwe mzee nyumbani, shika hilo hata kama utasahau yote mengine niliyoandika.

Jambo jingine nililiona daktari alipokuja kumkagua baada ya kutoka hospitalini. Alikuwa kijana, anazungumza Kidenmark cha Copenhagen, haraka, sauti zimemezwa. Bibi alibadilika mbele ya macho yangu. Mgongo ukanyooka, “a” ikawa “jeg”, “hwa” ikapoteza pumzi yake, na kila alichoulizwa akajibu, “Fint, tak.” Vizuri, asante. Dakika tano kabla alikuwa amenieleza kwa lahaja yake kwamba mguu wa kushoto hauna nguvu na usiku unakufa ganzi. Kwa daktari mguu haukutajwa. Ilibidi niutaje mimi, mgeni, kwa Kidenmark changu kilichochanganyika.

Daktari alipoondoka nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanisimulia habari za shule yake, miaka ya mwisho ya 1930. Mwalimu alikuwa na desturi ya kumsimamisha mtoto aliyesema “a” na kumfanya arudie sentensi kwa “jeg” mbele ya wenzake mpaka itoke safi. Akirudi nyumbani na “jeg” yake, baba yake aliuliza mezani kama bibie wa mjini ataka viazi. Basi akajifunza kuwa na ndimi mbili, mmoja wa nyumbani na mwingine wa watu wakubwa. Na katika ule wa watu wakubwa, alisema, hajui kuumwa. Maneno ya kuumwa ameyajua kwa lahaja tu.

Nilimkumbuka nyanya yangu wa Tongoni aliyesema Kimtang'ata, na kalamu nyekundu za walimu wangu juu ya maneno niliyoyapata kwake. Kiswahili sanifu kilichaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kukilea ikaundwa 1930, mwaka uleule aliozaliwa Bibi. Sikuwahi kuwaza kwamba nyanya naye huenda alikuwa na mambo ambayo hakuweza kumweleza daktari wa hospitali ya Bombo kwa sababu hiyohiyo. Nisingeweza kumuuliza tena. Alifariki nikiwa kidato cha pili.

Kufikia 2018 nilikuwa nasema “a” na “hwa” bila kufikiri. Mwalimu wa lugha aliponisikia, wiki mbili kabla ya mtihani, alicheka mpaka akashika meza, akasema nazungumza “bondsk”, Kidenmark cha wakulima, na kwamba watahini hawatakipenda. Aliposema wakulima hakukusudia ubaya, najua. Hata hivyo niliumia. Nilifanya mtihani kwa “jeg” ya kujilazimisha na nikafaulu vizuri. Kama unajiandaa kwa Prøve i Dansk 3, zungumza sanifu chumba cha mtihani, hilo halina mjadala. Lakini usikubali mtu akuambie kwamba ulichojifunza kwa wazee ni uchafu wa kusafishwa.

Wakati huohuo nilikuwa na swali linanikereketa, nikalitoa mezani kazini wakati wa kahawa: Kidenmark kipi ni kizuri kupita vyote? Wote walijibu papo hapo, kwa furaha: cha kwetu, cha Jutland ya kaskazini. Ni cha watu wakweli, watulivu. Cha Copenhagen ni cha watu wanaojisikia. Na kisiwa cha Zealand, ulipo mji mkuu, wakakiita “Djævleøen”, Kisiwa cha Shetani, jina ambalo watu wa Jutland hupenda kulitaja wakitania. Cha kisiwa cha Fyn wakasema kinaimba. Cha Bornholm wakasema kama Kiswidi. Mmoja wao, mama wa miaka hamsini aliyetetea Vendsyssel kuliko wote, alipigiwa simu palepale na mtu wa benki. Akainuka, akaenda dirishani, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Kiimbo cha kaskazini kilikuwa kimefutika. Alipokata simu kikarudi. Sidhani alijijua.

Nilikuja kuelewa nilichokiona siku ile baadaye, nilipokutana na kazi za Tore Kristiansen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi Wadenmark wa kawaida wanavyopima usemi wao kwa wao. Nitaieleza kwa sababu imenisaidia kuliko kozi yoyote. Yeye na wenzake walikwenda shuleni, katika miji kama Odder na Vinderup ya Jutland, na Vissenbjerg ya Fyn. Kwanza waliwasikilizisha vijana sauti fupi za watu mbalimbali, bila kuwaambia kwamba utafiti unahusu lugha. Walichotakiwa ni kumpima msemaji tu: ni mwerevu? anaaminika? anajiamini? anavutia? Kisha, wakati vijana wameshajua kinachoendelea, wakapewa orodha ya majina ya lahaja wazipange kwa kupenda.

Kwenye orodha, vijana waliiweka lahaja ya kwao juu. Kwenye sauti ikawa kinyume. Usemi wa kisasa wa Copenhagen ulipata alama za kujiamini na kuvutia, usemi wa kizamani kidogo wa Copenhagen ukapata za werevu na kujua unalolitafuta, na sauti zenye kiimbo cha kwao wenyewe zikabaki mkiani. Na zilikuwa sauti za vijana wa umri wao, tofauti yenyewe ndogo, kiimbo zaidi kuliko maneno. Mdomo unasema jambo moja na sikio linatenda jingine, wala mtu hadanganyi. Kwenye mapenzi yake kwa lahaja ni mkweli. Ila hukumu ya sikio hutoka kabla hajajua kwamba amehukumu.

Ningeyajua hayo mapema nisingeingia Copenhagen nilivyoingia. Tulihama Juni 2019, mume wangu kapata kazi. Nilikuwa na vyeti, na uzoefu wa miaka mitatu, na lugha niliyojivunia. Usaili wa kwanza ulikuwa wa simu. Baada ya sentensi mbili mama wa upande wa pili alicheka kwa upendo kabisa na kusema, “Nej, hvor er det sødt!” Jamani, ni tamu ilioje! Akaniambia namkumbusha shangazi yake wa kaskazini. Tuliongea vizuri, tukaagana vizuri. Kazi sikuipata. Hakuna aliyeniambia sababu, na siwezi kuutwisha ulimi wangu mzigo wote. Jina langu nalo lilikuwa kwenye karatasi. Usaili wa pili, ana kwa ana, meneja alinisikiliza akiwa na tabasamu, kisha akauliza kama naweza pia kuzungumza Kidenmark “cha kweli”, kwa sababu jamaa za wagonjwa lazima wanielewe. Nilisema naweza. Nilipofika kwenye treni nilikuwa natetemeka. Cha kweli! Miaka mitatu nimekaa miguuni pa mwanamke ambaye Kidenmark ndicho alichozaliwa nacho.

Kuna hesabu hapa ambayo hakuna anayekufanyia. Mdenmark amezoea kusikia lugha yake kwa Wadenmark wenzake. Sikio lake halina mazoezi mengi ya lafudhi za kigeni na huchoka mapema. Mgeni mwenye lafudhi ya Kiswahili tayari anampa kazi. Akiongeza juu yake lahaja ya mkoa, anampa kazi mara mbili. Akiwa Mdenmark wa Vendsyssel watasema ana asili. Akiwa mgeni watasema hajafika. Si haki, na naandika si haki kwa herufi zote. Lakini bili za nyumba ya Copenhagen hazingoji haki.

Nikamtafuta mwalimu wa matamshi wa binafsi. Kroni 350 kwa saa, masaa 12, kroni 4,200, na wakati ule tulikuwa tunahesabu hata nauli. Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye heshima. Alinirekodi, akanionyesha kwamba tatizo kubwa halikuwa “a” wala “hwa”, hayo nilishayaacha; lilikuwa kiimbo, sauti inavyopanda na kushuka ndani ya neno. Kama una pesa ya saa chache tu, zitumie kwenye kiimbo, si kwenye irabu, na uombe kurekodiwa tangu siku ya kwanza. Kama huna pesa, kurudia maneno ya mtangazaji mmoja wa redio, sauti juu ya sauti yake, dakika kumi kila siku, kutakufikisha karibu na pale nilipofika. Oktoba nilipata kazi. Na Mdenmark akikugeukia kwa Kiingereza, mwambie taratibu, “Lad os tale dansk.” Tuzungumze Kidenmark. Mara nyingi hurudi, na wengi hufurahi.

Lakini nilikosea tena, kwa upande wa pili. Nilijichunga kupita kiasi. Kwenye makabidhiano ya zamu nilisema maneno machache kuliko yaliyohitajika, nikiogopa kiimbo kisinitoroke. Chakula cha mchana nilikaa kimya. Mwenzangu mmoja mzaliwa wa Bornholm, ambaye alikuwa ameacha lahaja yake alipohamia mji mkuu akiwa na miaka 19, aliniona nikifanya yaleyale aliyoyafanya yeye. Akaniambia watu wa Copenhagen hupenda Kibornholm kama wanavyopenda likizo. Kila kiangazi huenda kule, wakisikia wanakumbuka samaki wa kuokwa kwa moshi. Ukifungua mdomo kwenye kikao wanatabasamu, na ukimaliza hakuna anayekumbuka ulichosema. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote jambo hilo.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanageuka. Mwanangu alianza shule Nørrebro, mtaa wa Copenhagen, na akaokota Kidenmark cha vijana wa pale, chenye maneno ya Kiarabu na Kituruki na mdundo wake. Mtafiti Pia Quist ameonyesha kwamba huo ni usemi wenye kanuni zake, na kwamba vijana huutumia kuonyesha wao ni nani. Si Kidenmark kilichoshindikana. Mimi nikamkemea mtoto kwa usemi ule, kwa maneno karibu yaleyale ya mwalimu aliyeniambia “bondsk”. Nilijisikia nikisema na sikuacha. Naye akalipiza: neno la Vendsyssel likiniponyoka, ananiiga na kucheka.

Tulipopata likizo fupi 2020, kiangazi, vizuizi vya korona vimelegezwa, tulikwenda kusini kabisa, Sønderborg. Nilishangaa. Dukani, kwenye feri, kwa mhudumu wa benki, watu walisalimiana na kuagana kwa “mojn”, na kuzungumza lahaja yao na kila mtu bila kuibadilisha mgeni akikaribia. Eneo lile lilikuwa chini ya Prussia na kisha Ujerumani tangu 1864 hadi 1920, na kwa watu wengi huko Kidenmark cha nyumbani kilikuwa ni lahaja hiyo. Kuishika ilikuwa kujishika wenyewe. Nilisimama kwenye foleni ya mikate namsikiliza msichana wa miaka kama 17 akiongea kama bibi yake, nikatamani Bibi wangu angekuwa pale.

Nilikwenda kumwona Julai 2021. Zaidi ya saa nne za treni kutoka Copenhagen mpaka Aalborg, kisha basi lilelile. Alikuwa na miaka 91, amepungua, macho yako palepale. Niliingia nikamwamkia, nikamwuliza hali, nikamweleza habari za mtoto na kazi. Akanisikiliza. Halafu akanijibu, taratibu, kwa adabu, na neno lake la kwanza lilikuwa “jeg”.

Alikuwa anazungumza nami kama alivyozungumza na daktari.

Sikuwa nimejisikia. Kroni 4,200 na miaka miwili vilikuwa vimefanya kazi yake barabara. Nikamwambia mguu vipi, akasema, “Fint, tak.” Hapo nikapiga magoti pembeni ya kiti, nikajaribu kusema kama zamani, na maneno yakatoka yamevunjika; kiimbo kilikuwa kimeondoka. Nikarudia. “Hwa så, Bibi?” Alinitazama muda mrefu. Kisha akaanza kuuelezea mguu.

Tulizungumza mchana kutwa. Kwa ruhusa yake na ya binti yake nilirekodi kwenye simu dakika 11 za habari za shule yake, mwalimu, baba, na viazi vya mezani. Nakuomba, kama una mzee wa namna hii karibu nawe, mwombe ruhusa na umrekodi, iwe ni Vendsyssel au Tongoni. Mimi ya nyanya yangu sina hata dakika moja. Na kwa atakayetaka kusikia lahaja za zamani za Denmark nzima, Chuo Kikuu cha Copenhagen kimeweka sauti za watu wa mikoa yote kwenye tovuti ya dialekt.dk, anachagua mahali kwenye ramani na kusikiliza.

Bibi alifariki Novemba 2022. Binti yake alinipigia mwenyewe. Jioni ile niliiweka simu juu ya meza ya chakula nikaifungulia ile sauti. Mwanangu, ambaye kwa Kidenmark sasa ananipita kwa kila kitu, aliacha kula akasikiliza, uso umekunjana. Alikuwa na miaka kumi. Ilipofika katikati akaniuliza kwa Kiswahili, “Mama, huyu anayemsema ni nani? Kila saa a, a. Nani huyo?”

“Ni yeye mwenyewe,” nikamwambia. “A ni mimi.”